Mkono Chini ya Mkoba

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa hata bisibisi. Nilifika karakana ya vifaa vya hospitali asubuhi mapema, viatu vinang'aa, cheti cha chuo cha ufundi kwenye bahasha, nikitegemea kuonyeshwa meza yangu. Msimamizi wa karakana alikuwa mzee mkavu aliyenong'ona hata alipogomba. Alikitazama cheti, akanirudishia, kisha akanituma wodini nikakae kwenye benchi la wageni mpaka jioni. Nisimguse mtu wala mashine.

"Sasa nitafanya nini huko?" nikamuuliza.

"Angalia mikono," alisema. "Mashine utaisoma kwa kitabu. Mikono haina kitabu."

Niliona ni dharau. Nilikuwa msichana pekee katika karakana ile, na nilikuwa na hasira za karibu, ambazo hazijapungua sana mpaka leo. Hata hivyo nilikaa. Adhuhuri nikamwona muuguzi akiwasha mashine ya kufyonza makohozi kwa kisigino, kwa sababu mikono yake miwili ilikuwa imemshika mgonjwa na swichi ilikuwa chini kabisa. Swichi hiyo ilikuwa ikivunjika kila mara, na mafundi walikuwa wakiibadilisha kila mara huku wakiwatukana wauguzi. Nilipomweleza Msimamizi, alinipa drili na kuniambia niihamishe juu. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza, na sikumbuki swichi ile kuvunjika tena.

Nyinyi mnaoingia leo katika kazi ya kubuni vifaa vya tiba mna kompyuta inayowachorea kifaa na kukizungusha pande zote kabla hakijazaliwa. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba kompyuta haina mikono, na yaliyonipata mimi yalitokana na mikono.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Port Victoria kutunza friji za chanjo na mashine za maabara katika zahanati za ufuoni. Huko ndiko nilikoujua ugonjwa wa sukari. Dawa yake, insulini, huingia kwa sindano kwa sababu ukiimeza tumbo linaiharibu. Hupimwa kwa yuniti, na yuniti moja ni kidogo mno, chini ya tone. Watu walivuta dawa kutoka kwenye kichupa kwa bomba la sindano ambalo walilitumia mpaka mistari yake ikafutika. Mama mmoja mwuza omena, dagaa wa ziwani, alinionyesha la kwake: alikuwa amekwaruza mstari wake mwenyewe kwa kucha, na mstari huo haukuwa mahali pake. Waliozidisha dawa, sukari yao ilishuka mno, wakazimika na kuanguka. Waliopunguza walianza kuoza vidole vya miguu, na baada ya vidole ukafuata mguu. Nilitengeneza friji za dawa ile vizuri sana, halafu nikawaona watu wakifa kwa kipimo.

Kwa hiyo nilipoitwa Kisumu kujiunga na kampuni ndogo iliyotaka kubuni kalamu ya sindano, sikuuliza mshahara. Mkurugenzi wake alikuwa amemzika mama yake kwa ugonjwa huo, mama aliyepofuka kwanza ndipo akafa. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mwenye moyo kweli. Nasema hivyo mapema kwa sababu baadaye nitamsema vibaya.

Kalamu ya sindano, kwa asiyeijua, ni kifaa kinene kidogo kuliko kalamu ya kuandikia ubaoni. Mbele ina sindano fupi. Katikati hukaa katriji, yaani kichupa chembamba cha dawa. Nyuma kuna kirungu cha kuzungusha. Ukikizungusha, kinalia tik, tik, na kila mlio ni yuniti moja. Ukikibonyeza, parafujo ya ndani inasukuma dawa. Kalamu nyingine zilikuwa na namba ndogo zilizochapwa kwenye pete ya plastiki, na mwenye sukari mara nyingi macho yake yameshaanza kuchoka. Sisi tuliweka kiwambo cha umeme kama kile cha kikokotoo, namba kubwa, nyeusi, hata bibi asiye na miwani azione. Kila tarakimu hujengwa kwa vijiti saba vinavyojitokeza na kufifia: nane ina vyote saba, moja ina viwili tu. Kiwambo cha namna hiyo ni rahisi na hakili betri.

Aliyekichora alikuwa Mhandisi Mkuu, mwanamume mpole, mdogo wangu kwa umri, mwenye akili nyingi na mwandiko mbaya ajabu. Tulimtania kwamba kuku wa mama yake ndiye aliyemfanyia mtihani. Alicheka nasi. Mimi nilikuwa fundi wa majaribio: niliziangusha kalamu sakafuni, nikaziweka kwenye joto kali, nikaziweka kwenye unyevu wa ziwa mpaka mifuniko ikaota ukungu. Zilistahimili yote hayo.

Lilipofika jaribio la kuwapa watu, mimi na Mkurugenzi tuligombana. Nilitaka twende mtaa wa Nyalenda kwenye foleni za maji, twende sokoni, twende majumbani, tuwaone watu wakijidunga mahali wanapojidungia. Yeye alitaka kliniki, mbele ya madaktari na wageni wake, kwa sababu hao ndio wangeikubali kalamu. Alisema hatuna muda. Haraka haraka haina baraka, nikamwambia, naye akanijibu kwamba wagonjwa wanaosubiri ndio hawana baraka. Kwa hilo hakukosea, na ndilo lililonifunga mdomo.

Basi tukaenda kliniki. Watu walikuja wamevaa kama wanaokwenda kanisani. Aliyewazidi wote alikuwa Risper, mjane aliyeuza mchele Ahero, mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi, kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa kichwani. Kabla ya kuanza, Mkurugenzi aliuliza kwa sauti kama kuna mtu anayetumia mkono wa kushoto. Watu wakacheka na kutazamana, kana kwamba ameuliza nani hapa ni mwizi wa kuku. Hakuna aliyeinua mkono, tukaendelea.

Risper aliambiwa aweke kipimo chake cha asubuhi, yuniti kumi na mbili. Alizungusha kirungu polepole, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, mpaka kumi na mbili ikaonekana. Watu wakampigia makofi. Akamwambia Mkurugenzi kwamba mjukuu wake ajaye ataitwa jina lake, hata akiwa msichana. Akapigwa picha ameketi, kalamu katika mkono wa kulia, anacheka, mkono wa kushoto umeingia chini ya mkoba uliokuwa mapajani. Picha hiyo ilikuzwa na kutundikwa mapokezi kwetu.

Kalamu zikagawiwa watu wa mwanzo, na kwa muda tulikuwa na furaha. Kisha muuguzi wa kliniki ya sukari akatupigia simu: Risper ameletwa amezimika, sukari imeshuka mno. Walimrudishia fahamu kwa dripu ya glukosi. Kalamu yake ililetwa mezani kwangu. Nikaipima kwa mizani ya maabara, kipimo kwa kipimo, na ilikuwa sahihi kuliko tulivyoahidi. Mkurugenzi akasema jibu ni rahisi, mama hakula. Risper alipoulizwa alikiri kwamba siku hiyo alikunywa chai kavu tu. Akaambiwa ale, akarudishiwa kalamu yake, akaenda nyumbani.

Akaanguka tena. Safari hii alikuwa amekula, ila si sana. Hapo nikaenda ofisini kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi. Nilimwambia tuzikusanye kalamu zote mpaka tujue. Akasema maneno ambayo bado nayasikia.

"Nikizichukua, Mama, watarudi kwa zile sindano zimefutika mistari. Hao watakufa wangapi? Hiyo utanihesabia wewe?"

Nilichokuwa nacho ni yale maneno ya Msimamizi wangu wa zamani, na nikaona aibu kuyasema mbele ya mtu mwenye hoja. Nikatoka nikamshika Mhandisi Mkuu. Nikamwambia sitaki maelezo ya karatasi, nataka twende Ahero tumwone huyu mama akijidunga nyumbani kwake. Alikubali mara moja. Lakini mvua za Kano, uwanda ilipo Ahero, zilikuwa zimeshafungua milango. Maji yalikuwa yamekata njia ya kwenda kwao, nyumba nyingine zimezama mpaka dirishani, na watu wamehamia shule. Tulimpigia Risper simu. Akacheka, akasema tungoje maji yapungue, atatupikia mchele mpya. Nikamwambia apunguze kipimo kidogo kwa siku hizo. Akasema daktari amemwambia kumi na mbili, na yeye si mtu wa kubishana na daktari.

Maji yalipopungua tulikwenda, lakini tulikwenda matangani. Risper alikuwa amelala kwa jirani kwa sababu ya mafuriko, chakula kilikuwa cha kugawana, na asubuhi hakuamka. Hakukuwa na gari la kupita majini kumpeleka popote. Nililia njia nzima, na sikulia kwa huruma tu, nililia kwa hasira.

Tulipokewa vizuri, kama ilivyo desturi, tukapewa viti na chai. Watu walipopungua, binti yake, Everlyne, alikuja kukaa nasi. Yeye ndiye aliyekuwa akiishi naye. Nilimwomba, kama hataona vibaya, atuonyeshe mama yake alivyokuwa akifanya asubuhi. Sikumuuliza, nilimwomba aonyeshe. Akaileta ile kalamu, imefungwa ndani ya leso. Akaishika tumboni mwake kwa mkono wa kulia, sindano ikielekea kulia. Kirungu akakizungusha kwa mkono wa kushoto.

"Hivyo?" nikamuuliza. "Kwa kushoto?"

"Mama alikuwa wa kushoto," alisema. "Hapa nyumbani tu. Kupika, kupima mchele, yote kushoto. Lakini mbele ya wageni, hapana. Sasa mbele ya daktari atashika dawa na mkono ya kushoto aje? Angeonekana hana adabu."

Akaendelea kuzungusha mpaka akasimama. "Sasa hapa," akasema. "Kumi na mbili."

Yeye alikuwa akiitazama kalamu kutoka upande wake. Mimi nilikuwa nimeketi mbele yake, nikiitazama kutoka upande wa pili. Mimi nilisoma ishirini na moja.

Mwenye mkono wa kulia huishika kalamu ile sindano ikielekea kushoto, na namba husimama wima. Mwenye kushoto huigeuza, na namba zinasimama kichwa chini. Tatu ikigeuzwa haisomeki. Nne na saba hazisomeki. Angekuwa na kipimo chenye tatu angeona takataka na kutupigia kelele. Lakini moja ya vijiti ikigeuzwa hubaki moja, na mbili hubaki mbili. Risper alifundishwa azungushe mpaka aione namba yake, na namba yake aliiona, kila asubuhi. Alikuwa akijidunga karibu maradufu. Siku aliposhiba mwili ulivumilia, siku alipolala njaa ulishindwa. Kwa hiyo hata ile "hakula" ya Mkurugenzi ilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana ilitupoteza.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, husema wahenga. Risper hakuficha maradhi. Alificha mkono, kama sote tulivyofundishwa. Kwetu mkono wa kushoto haupokei, hautoi, hausalimii. Mtoto akiunyoosha kwa mgeni hupigwa kofi, na shuleni zamani walimu walimaliza kazi hiyo kwa fimbo. Tulilelewa hivyo sote tuliokuwa kliniki siku ile, madaktari, wauguzi, mimi, halafu tukauliza mbele ya umati ni nani mwenye kushoto na kuamini kimya tulichojibiwa.

Nilimgeukia Mhandisi Mkuu nimwambie, nikakuta ameshaelewa. Aliichukua kalamu kwa Everlyne. Kisha akaigeuza, akazungusha kirungu kwa mkono wa kushoto, haraka, bila kukitazama, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka mingi na sikuwahi kuona mkono ule ukifanya lolote ila kushika karatasi isiteleze.

"Darasa la kwanza walinifunga huu mkono na kamba kwa dawati," alisema. "Mpaka nikajifunza." Baadaye kidogo akasema, "Mimi ndiye nilichora hii kitu, Mama. Mimi."

Everlyne alitutazama bila kuelewa. Ilibidi mmoja wetu amweleze, na yeye Mhandisi hakuweza. Nilimweleza mimi, kwa Kijaluo, taratibu, nikiwa nimemshika magoti. Hakupiga kelele. Aliuliza kama mama yake alisikia maumivu, nikamwambia hakusikia, na hilo sina hakika nalo mpaka leo.

Mkurugenzi alipoambiwa alifunika uso kwa mikono, na naamini alilia kweli. Alipofunua uso alikuwa ameshafikiria la kufanya. Alitaka tubadilishe kiwambo katika kalamu zijazo, na hizi za kwanza tuziite zirudishwe taratibu, kimya kimya, kidogo kidogo, ili kampuni isife na wagonjwa wasiogope. Mhandisi Mkuu hakubishana. Aliweka kitambulisho chake cha kazi mezani, akaniambia, "Twende, Mama." Tukaondoka bila ruhusa kwa gari lake bovu, tukaenda nyumba kwa nyumba, kuanzia Nyalenda mpaka Port Victoria, tukizikusanya zote. Hatukumuuliza mtu anatumia mkono gani. Nilikuwa na funguo zangu. Mtu akitokea mlangoni namrushia na kumwambia "shika", na mkono unaodaka ni ule uliofika kabla ya adabu. Tuliwakuta wengine wa kushoto, mwalimu mmoja wa Nyalenda, na mvuvi mtu mzima aliyeniomba nisimwambie mkewe. Hao waliokolewa na vipimo vyao tu, vyenye tatu na nne, kwa sababu namba ilipoharibika walijifunza kuigeuza kalamu. Hakuna aliyetuambia, kwa kuwa walidhani kosa ni lao.

Mhandisi Mkuu hakurudi kazini. Nasikia anafundisha hesabu mahali fulani upande wa milimani, na sijawahi kumwona tena. Mimi nilirudi. Wengine waliniona msaliti, na labda ni kweli, lakini mtu alipaswa kubaki kuhakikisha kiwambo kinabadilishwa. Kilibadilishwa. Chini ya namba kuna mstari mnene mweusi unaoonyesha chini ni wapi, na ukiigeuza kalamu, namba zinageuka zenyewe na mstari unazifuata. Siku ya kuizindua, Mkurugenzi aliusifia mstari ule kama ubunifu wa kampuni. Nilisimama nyuma ya ukumbi nikanyamaza. Kalamu hiyo inafanya kazi vizuri, na watu wengi wako hai kwa sababu yake, nami sitaki niwadanganye kwa kuisema vibaya.

Nilistaafu kutoka hapo. Waliniandalia keki mapokezi, chini ya picha ya Risper, ambayo haikuwahi kushushwa. Wafanyakazi wapya hawakumjua, walidhani ni mwigizaji wa tangazo. Mkurugenzi, ambaye sasa ni mzee, aliniuliza mbele ya watu nataka zawadi gani. Nikasema nataka picha ile. Aliitazama, kisha akanitazama mimi, akaagiza ishushwe.

Nimeshaulizwa mara nyingi na vijana ninajutia nini katika kazi hii. Sijutii kuifanya. Ninachowaambia ni kwamba watu wetu wana adabu kuliko vifaa vyetu, na mtu mwenye adabu hatakuambia kifaa chako kibaya. Atajilaumu mwenyewe, ataficha, ataondoka akishukuru. Nendeni mkakae kwenye benchi la wageni.

Picha niliipeleka Ahero, nikidhani ni mali ya Everlyne. Alinikaribisha, akanipa mchele, akaiweka magotini na kuitazama kwa muda. Sasa na yeye ana sukari, na kalamu yake ni ile yenye mstari. Akanirudishia picha.

"Hii rudi nayo, Mama," alisema. "Siwezi weka kwa ukuta. Hapa ameshika hiyo kitu na anacheka."

Nikarudi nayo Kisumu. Iko sebuleni kwangu, karibu na mlango. Wageni huusifu uso ule na kile kicheko. Mimi kila ninapopita huutazama ule mkoba.